Mgeni Yuko Njiani na Nyumba Haijakaa Sawa: Dalili, Chanzo na Dawa Yake

Nyumba yetu hapa Kisumu ni ya kufikia. Anayeshuka kutoka Busia usiku hulala hapa, anayemleta mgonjwa hospitali ya rufaa hulala hapa, na chama cha kina mama kikifika zamu yangu sebule hujaa hadi mlangoni. Kwa miaka mingi nimeulizwa maswali yale yale na dada zangu, mashemeji na majirani: mbona choo cha wageni kinanuka na kimeoshwa asubuhi? Mbona ukuta umerudisha madoa juzi tu tulipopaka rangi? Nimeyapanga hapa kwa dalili, nikianza na chanzo kinachotokea mara nyingi hadi kile cha nadra. Fuata mpangilio huo, kwa sababu mara nyingi tatizo huishia kwenye ukaguzi wa kwanza, ule usiogharimu kitu.

Kabla ya yote, jambo moja la usalama. Dawa ya kung'arisha yenye klorini, kama Jik, usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, siki, wala kitu chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu inayochoma macho na mapafu, na choo kidogo chenye dirisha moja ni mahali pabaya mno pa kuivutia. Ikitokea kwa bahati mbaya, toka nje, acha mlango wazi, usirudi kusuuza hadi hewa isafike. Mtu akiendelea kukohoa au kubanwa kifua, mpeleke hospitali.

Mgeni anakunja pua, sisi wenyeji hatusikii kitu

Pua huzoea harufu ya kwao. Funga madirisha, tokeni wote nje kwa saa nzima, kisha rudi peke yako usimame mlangoni. Pumzi ile ya kwanza ndiyo anayoivuta mgeni. Ifuate: piga magoti karibu na zulia, fungua kabati lililo chini ya sinki, kaa kwenye kochi kwa nguvu unuse hewa inayotoka kwenye mto.

Chanzo ninachokikuta kuliko vyote ni tambara la kupigia deki. Limeachwa ndooni usiku kucha likiwa limelowa, na asubuhi linatandazwa nyumba nzima. Kama harufu huzidi mara tu baada ya kupiga deki, huna haja ya kutafuta zaidi. Lichemshe na sabuni, lianike juani hadi likauke kabisa, na lile lililochakaa ulitupe. Fanya vivyo hivyo kwa kitambaa cha vyombo.

Cha pili, hapa kwetu kando ya ziwa, ni samaki. Maji ya kuoshea omena yamemwagwa kwenye sinki, ubao wa kukatia umenyonya, mafuta yaliyokaangia mbuta yamehifadhiwa yatumike tena. Sabuni peke yake haitoshi, maana viini vya harufu ya samaki ni vya upande wa magadi na huvunjwa na kitu kichachu. Pangusa sinki, ubao na meza kwa ndimu, au kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ndipo uoshe kwa sabuni. Omena kavu iwekwe kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana, si kwenye karatasi ndani ya kabati.

Cha tatu ni makochi, zulia na magodoro ya watoto. Nyunyiza soda ya kuokea, iache usiku mzima, kisha ipige brashi. Pale penye mkojo suuza kwanza kwa maji baridi, ukamue kwa taulo, ndipo utie soda, na godoro likae juani siku nzima pande zote mbili.

Cha nne husahauliwa: sinia ndogo iliyo nyuma ya friji, chini kabisa, inakotiririkia maji ya barafu. Chomoa friji kwenye stima, uisafishe. Cha tano ni panya aliyefia darini. Utamjua kwa harufu inayopanda saa sita mabati yakipata moto, na mainzi makubwa dirishani. Vaa glavu na barakoa, mtoe kwa mfuko wa plastiki. Kama dari haibebi uzito wa mtu, muite fundi.

Simama hapo ukisikia harufu ya gesi ya kupikia. Usiwashe taa wala usiizime, usiguse swichi yoyote. Funga regyuleta kama unaifikia, fungua milango na madirisha, watu wote watoke, na simu kwa muuzaji ipigwe ukiwa nje. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hulala sakafuni ambako watoto wanacheza. Tena kuna harufu moja inayotudanganya sana watu wa Kisumu: plagi au soketi inayoungua hutoa harufu inayofanana na ya samaki. Ukiisikia na hakuna samaki ndani ya nyumba, zima swichi kuu kama haina joto wala alama ya kuungua, na umuite fundi wa stima siku hiyo hiyo.

Bafu la wageni linanuka kama shimo la maji taka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nililipa kwa kutojua. Mama mkwe alikuja kutoka Bungoma kwa Pasaka, na bafu lake, ambalo halikuguswa tangu Desemba, lilinuka hadi sebuleni. Nilikuwa nimelisugua mara tatu. Fundi niliyemuita alisema bomba limepasuka chini ya sakafu, akavunja vigae vinne, hakuona ufa wowote, akalipwa akaondoka. Kilichokosekana ni nusu ndoo ya maji.

Chini ya kila shimo la bafu na kila sinki bomba hujikunja. Kwenye kunja hilo hubaki maji kidogo, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia gesi ya maji taka isipande. Bafu lisipotumika kwa wiki kadhaa, hasa msimu wa kiangazi, maji hukauka na mlango hubaki wazi. Basi anza na hili: mimina nusu ndoo kwenye shimo la sakafu, lita moja kwenye sinki, vuta choo mara moja, fungua dirisha, ungoja saa moja. Harufu ikiisha, umemaliza. Kama bafu litakaa tena bila mtu, malizia na kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia kwenye shimo la sakafu. Mafuta huelea juu ya maji na kuyachelewesha kukauka.

Isipoisha, fungua kifuniko cha shimo. Nywele na sabuni hujiviringisha pale zikaoza. Zitoe kwa waya uliopindwa, usugue kuta za bomba kwa brashi ya zamani, umwage maji ya moto.

Bado? Angalia choo chenyewe panapokutana na sakafu. Zungusha karatasi kavu ya choo chini yake, vuta maji, uitazame. Ikilowa, au choo kikicheza ukikisukuma kwa goti, muhuri wa chini umeachia. Hiyo ni kazi ya fundi wa mabomba, na si ya kuvunja vigae.

Dalili ya sinki kutoa sauti ya kubwatabwata kila choo kinapovutwa ina maana nyingine: bomba la kupumulia, lile linalopanda juu ya paa, limeziba. Mara nyingi ni kiota cha ndege au majani. Usipande mabati yaliyolowa.

La mwisho ni shimo lenyewe la maji taka kujaa. Utalijua kwa sababu mabomba yote huzembea kwa pamoja, na maji huanza kurudi kwenye shimo la chini kabisa, kwa kawaida lile la bafu. Walioko tambarare za Kano, kuanzia Ahero na vijiji vyake, wana mzigo zaidi: udongo mweusi wa mfinyanzi ukishiba maji ya masika haunywi tena, na shimo hujaa hata kama lilinyonywa juzijuzi. Panga kulinyonya kabla ya mvua ya Machi, au angalau kabla ya sherehe. Usimwage Jik nyingi chooni ukidhani unalisaidia, kwa kuwa unaua bakteria wanaomeng'enya uchafu huko chini.

Simama hapo. Mtu yeyote asiingie shimoni, hata kwa dakika moja, hata kwa kamba, hata likionekana tupu. Gesi iliyomo humlevya mtu kabla hajapiga kelele, na anayeshuka kumwokoa hufa naye. Ita gari la kunyonya maji taka.

Kwa wenye choo cha shimo uani: kifuniko kiwekwe, jivu kavu limwagwe kila baada ya matumizi, maji ya kuoga yasielekezwe humo, wala dawa ya kuua viini isimwagwe shimoni. Kama kina bomba refu la hewa, hakikisha wavu wa juu haujatoboka, na ndani kubaki na kiza kidogo. Inzi aliye shimoni hufuata mwanga, hupanda bombani, akafia kwenye wavu. Ukiacha mlango wazi siku nzima, mwanga unamleta mlangoni, na kutoka hapo hadi kwenye sahani ya mgeni ni hatua chache.

Sinki la jikoni linashusha maji polepole

Karibu kila mara ni mafuta yaliyoganda na mabaki ya ugali. Weka beseni chini ya kunja la bomba, lifungue kwa mkono, litoe uchafu, lirudishe. Mafuta yaliyobaki kwenye sufuria yapanguswe kwa karatasi na kutupwa kabla ya kuosha. Dawa kali ya kuzibua usiitie kama fundi atakuja kufungua bomba hilo baadaye, kwani itamrukia machoni. Kama umeshaitia, mwambie.

Ukuta umerudisha madoa meusi, au rangi inachubuka

Rangi mpya juu ya ukungu hudumu wiki chache tu. Swali ni maji yanatoka wapi, na yako majibu matatu.

Kata kipande cha foili ya kufungia chakula, ukikaushe pamoja na ukuta, ukibandike kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache siku nzima. Unyevu ukijikusanya upande wa chumbani, ni hewa ya ndani: pumzi za watu, kupika, nguo zinazoanikwa ndani. Hili ndilo linalotokea sana, na hukaa nyuma ya kabati na kwenye pembe za chumba cha wageni kinachofungwa mwaka mzima. Sogeza fenicha kiganja kimoja kutoka ukutani, fungua dirisha kila asubuhi, nguo zianikwe barazani. Unyevu ukiwa nyuma ya foili, maji yako ndani ya ukuta. Yakianzia chini na kuacha unga mweupe wa chumvi, usiovuka mita moja hivi, yanapanda kutoka ardhini: ondoa udongo au kitanda cha maua kilichoegemezwa ukutani nje, chimba mfereji wa kuyapeleka mbali. Doa lenye duara za kahawia juu, karibu na dari, ni misumari ya mabati iliyolegea au mfereji wa paa ulioziba.

Chanzo kikishazibwa, ndipo usafishe. Glavu, dirisha wazi, maji na sabuni kwanza, kisha sehemu moja ya Jik kwa kumi za maji. Ukuta ukauke kabisa kabla ya rangi. Mwenye pumu asifanye kazi hii wala asilale chumbani humo siku hizo. Ukiona ufa unaopanuka, unaoingiza ukucha, hasa kwenye udongo mweusi unaovimba na kusinyaa, muite mjenzi aliyesomea kazi hiyo. Kuuziba kwa simenti ni kuuficha tu.

Wadudu

*Wadudu wa ziwa.* Kuna jioni wanainuka juu ya ziwa kama moshi, na upepo ukielekea mjini wanatanda kila taa. Hawaumi na maisha yao ni mafupi, kwa hiyo usipoteze pesa kwa dawa ya kupuliza. Zima taa za mbele jua linapozama, acha taa moja iwake mbali na mlango, na balbu ya barazani iwe ya mwanga wa njano. Asubuhi wafagie wakiwa wakavu. Ukiwapitishia kitambaa chenye maji watapondeka na kuacha doa ukutani. Vumbi lao huwasumbua baadhi ya wenye pumu, basi mashuka ya mgeni yatandikwe usiku, baada ya madirisha kufungwa.

*Mende.* Wadogo wa rangi ya kahawia huletwa na maboksi ya dukani na vyombo vya umeme vilivyotumika. Jike mmoja hubeba kifuko chenye mayai thelathini au zaidi, ndiyo maana kumpuliza unayemwona hakumalizi. Nyima maji kwanza: kausha sinki usiku, rekebisha mfereji unaovuja. Kisha weka chambo cha jeli kwenye bawaba za kabati na nyuma ya friji, wala usipulize dawa karibu na chambo, kwa maana hawatakila.

*Kunguni.* Wengi huniuliza hili kwa kunong'ona, na ninatamani wangeuliza kwa sauti. Kunguni hawaletwi na uchafu. Huja na begi, na basi, na kochi la mitumba, na hukaa nyumba ya tajiri kama ya maskini. Mgeni akiamka na vipele vilivyopangika mstari, usimtuhumu na usijitetee. Chukua tochi: kagua mshono wa godoro, viungo vya kitanda, nyuma ya ubao wa kichwani, ukitafuta vitone vyeusi kama vya kalamu na maganda meupe.

Joto ndilo silaha ya kwanza. Mashuka, neti na nguo zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60, kisha zipigwe pasi kwenye mishono. Fungua kitanda vipande vipande umwagie maji yanayochemka kwenye kila kiungo. Kuanika godoro juani husaidia lakini hakutoshi, kwani hujificha upande wenye kivuli. Rudia yote baada ya siku kumi hadi kumi na nne, hata kama huoni kitu, maana mayai yaliyosalia yatakuwa yameanguliwa. Walioshindwa niliowaona karibu wote waliruka duru hiyo ya pili. Kuhama chumba hakusaidii: kunguni mkubwa huweza kukaa miezi bila kula, na wewe utawahamisha.

Simama hapo kabla ya kununua dawa ya shambani, mafuta ya taa au petroli ya kumwaga kwenye godoro. Watoto wamedhurika na nyumba zimeungua kwa njia hiyo. Kunguni wakiwa vyumba viwili au zaidi, lipa mtu wa kufukiza mwenye leseni, umuulize mapema kama bei ni ya duru mbili.

Maji yanaacha alama

Utando mweupe kwenye glasi na birika ni chumvi ya maji ya kisima. Loweka kwa siki usiku mmoja, sugua. Nakuru na sehemu nyingi za Bonde la Ufa, maji ya visima vya kuchimbwa yana floridi nyingi, madini yanayotia meno madoa yakizidi, na kuyachemsha hakuiondoi, kunaizidisha kidogo maji yanapopungua. Siki itang'arisha birika, lakini floridi itabaki majini. Mgeni mwenye mtoto mchanga mpe maji yaliyosafishwa ya kunywa, au ya mvua yaliyochemshwa.

Madoa ya kahawia kwenye kitambaa cheupe cha meza, yanayotokana na maji yenye kutu, usiyatie Jik. Klorini huyakaza. Paka ndimu na chumvi, anika juani, suuza, rudia.

Na kama anayeoga chini ya shawa ya umeme anasema maji yanamchoma au yanamtekenya kama sindano, zima swichi yake sasa hivi. Asioge mtu mwingine. Ni waya wa ardhini uliokosekana au kifaa kilichovuja stima. Usikifungue mwenyewe. Fundi wa stima mwenye kibali akipime, na hadi hapo mgeni apewe maji ya moto kwenye beseni.

Nakuru: vumbi na baridi

Dada yangu anayekaa Nakuru hufagia mara tatu kwa siku kuanzia Januari, na vumbi linarudi. Ufagio mkavu hulirusha tu. Nyunyiza maji kidogo sakafuni kabla ya kufagia, pangusa kutoka juu kwenda chini, weka kitambaa kilicholowa kwenye ufa wa chini ya mlango, na panda nyasi hata hatua mbili tu mbele ya baraza. Vitambaa vya makochi vikung'utwe nje.

Baridi ya Julai ni jambo zito zaidi. Wenyeji wema huingiza jiko la makaa chumbani ili mgeni apate joto, wakafunga dirisha. Makaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomwua aliyelala bila kumwamsha, na makaa yaliyofifia bado huitoa. Kichwa kikiuma, kichefuchefu kikianza, watu wawili au watatu kwa wakati mmoja katika chumba chenye jiko, watoeni nje kwenye hewa na muende hospitali hata wakisema wamepata nafuu. Mgeni wa baridi mpe blanketi la pili, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo. Jiko libaki uani.